Nabiswa na Damu Isiyoganda

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Nabiswa alinitukana kwa sababu ya chai.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni petu Kaloleni, karai la damu ya mbuzi katikati ya miguu, anakoroga kwa kijiti. Januari ilikuwa imeingia lakini ile mvua ya El Niño haikuwa na habari ya kalenda. Mtaro wa mbele ya nyumba ulikuwa umefurika. Nimechimba mitaro ya kaunsili maisha yangu yote, na mbovu kuliko yote ulikuwa wa mlangoni kwangu. Mke wangu alipenda kunikumbusha hilo, hasa kukiwa na wageni.

Nikamwuliza, "Mama Millicent, chai iko wapi?"

"Mkono wangu una damu. Wako una nini?"

"Hauna kitu."

"Basi uko huru. Jiko liko hapo."

Nikapika. Akaonja, akasema nimechemsha maji ya mtaro. Akamaliza kikombe, akaomba kingine. Kwake hizo ndizo zilizokuwa pongezi.

Baadaye, kwenye mazishi, Bwana Kweyu, mwenyekiti wa kanisa letu, alisoma mbele ya watu kwamba marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, mwenye maneno machache. Nikalitazama jeneza nikingoja lipinge. Halikusema kitu. Hapo ndipo niliposadiki kwamba amekufa kweli. Mimi shule sikuingia, herufi nilizipata ngumbaru nikiwa na mvi tayari, lakini nimeona afadhali niandike mwenyewe kuliko mke wangu abaki na mdomo aliopewa na Kweyu.

Nabiswa aliuza mutura soko la Burma. Mutura, kwa asiyejua, ni utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama ya kukatakata na damu, ukachemshwa, kisha ukachomwa juu ya makaa. Kazi yote iko kwenye damu. Lazima uikoroge ikiwa bado na joto la mnyama. Ukiiacha itulie inaganda kama ini, na huna tena biashara. Ukiikoroga, nyuzinyuzi zinajizungusha kwenye kijiti, unazivua, unawatupia paka, na damu inabaki laini mpaka jioni. Paka wa Kaloleni walinenepa kwa nyuzi za mke wangu. Kwake damu iliyoganda ilikuwa hasara na aibu. Akipata inayokataa kuganda alifurahi kama mtu aliyezawadiwa. "Hii ni namba wani," angesema, "angalia inavyoteleza."

Hakuzaliwa na kazi hiyo. Sisi ni Wabukusu, watu wa Kimilili, na kwetu mutura haujulikani. Alipokuja Nairobi tulikaa Mukuru kwa Reuben, naye akaajiriwa kibarua kwenye kiwanda cha blanketi. Msimamizi akamwambia hapa hakuna kuongea kazini. Nabiswa akamwuliza kama pua inaruhusiwa kupumua. Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Tulipopata nyumba ya kaunsili Kaloleni, akaanza kuzunguka Burma akitazama moshi, na siku moja akaenda kwa Gachanja, mwenye bucha, akamwambia anataka kujua mutura.

Gachanja alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mbukusu na mutura? Mama, si uuze ugali tu."

"Ugali utauza wewe," Nabiswa alimwambia, "mimi nikishachukua wateja wako."

Akawachukua. Kufikia mwaka uliofuata vijana waliokuwa wakila kwa Gachanja walikuwa wamesimama kwenye jiko la mke wangu, wanajilamba vidole, wanamwita mathe, yaani mama. Ndipo Gachanja akaanza kuwaambia watu kwamba ni yeye aliyemfundisha.

Damu aliipata kichinjioni kwa Magan, Msomali mfanyabiashara wa mbuzi. Kwa dini yake damu ni haramu, kwa hiyo hakuiuza. Aliigawa bure, huku amegeuza uso, kama mtu anayepita karibu na mtaro wangu.

"Mama Mutura," Magan alikuwa akimwambia, "hicho unachobeba ni haramu."

"Haramu kwako, mboga kwangu. Sogea usinimwagie."

Waliishi hivyo kwa miaka mingi, wakitukanana, na sijawahi kusikia wamegombana.

Sasa, siku hizo za El Niño, redio ilikuwa inasema kuna homa ya mifugo upande wa kaskazini, inashika watu pia, mtu asiguse damu wala nyama ya mnyama aliyekufa. Burma ikanyamaza. Watu ambao Krismasi nyingine wangepigania mbavu walikula maharagwe na kuitana ndugu. Nabiswa alikuwa na mkato kidoleni, wa kisu, na alikoroga hivyo hivyo.

"Redio inasema usiguse," nikamwambia.

"Redio imewahi kukoroga damu?"

Ndiyo ilikuwa asubuhi ile ya chai. Jioni alirudi akisema mgongo unamwuma. Nikamwambia ni uzee. Akaniambia uzee ni wangu, mgongo ni wake.

Akashikwa na homa. Akameza dawa ya malaria ya dukani, kwa sababu kwetu Eastlands kila homa ni malaria mpaka ikuue. Jirani akanong'ona kwamba amerogwa na Gachanja. Nabiswa akainua kichwa kutoka kwenye mto. "Gachanja hawezi kuchoma nyama bila kuiunguza. Ataweza kuroga?"

Kisha asubuhi moja akapiga mswaki, na damu ya ufizi ikakataa kukata. Ikafuata ya puani. Akaweka kitambaa, kikalowa, akaweka kingine. Alipofika kwenye shuka letu la harusi nikamwambia sasa twende.

Hospitali siitaji jina. Mtu wa Eastlands anajua tunakopelekwa. Walimlaza kitanda kimoja na mama mwingine, mmoja kichwa huku na mwingine kule, akalalamika kwamba miguu ya mwenzake, pale puani pake, ina maoni. Daktari wa wodi alikuwa kijana Mjaluo, Daktari Ondiek, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nabiswa alimwuliza kama mama yake anajua yuko hapo.

Huyo Ondiek alikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi aliwatoa damu wagonjwa wote wenye homa ile. Nyingine ilikwenda maabara, na majibu yalirudi siku yalipojisikia kurudi. Kwa hiyo nyingine aliitia yeye mwenyewe kwenye vichupa vyembamba vya kioo, akaviandika majina kwenye plasta, akavisimamisha dirishani, kisha akaenda kuwazungukia wagonjwa. Akirudi aliviinamisha kimoja kimoja. Sisi watu wa wagonjwa tulikaa tunavitazama vile vichupa kama watu wanaongoja maji yachemke.

Asubuhi ya kwanza akainamisha cha Nabiswa. Damu ikakimbilia mdomoni. Akakiinamisha upande wa pili, ikarudi mbio.

"Mama," akasema, "damu yako haigandi." Kabla hajaongeza neno akaitwa kitanda cha mwisho, mtu anatapika, akaondoka mbio.

Nabiswa akanishika mkono. Uso wake ulikuwa umevimba, lakini ulicheka wote.

"Baba Millicent, umesikia?"

"Nimesikia."

"Haigandi! Na hakuna aliyeikoroga!"

Nani angembishia? Sisi sote tulikuwa tumeishi kwenye karai lile. Akanituma Burma nikaseme. Nikaenda, nikasema. Gachanja akagonga kisu kwenye gogo. "Huyo mama! Hata yake mwenyewe ni laini!" Vijana wakapiga miluzi. Shemeji yangu Mulongo, kaka yake Nabiswa, anayebeba mizigo pale sokoni, akasema ukoo wao wote uko hivyo. Habari ikafika kanisani, na kesho yake saa ya kuona wagonjwa Bwana Kweyu akaingia wodini na akina mama wake, wimbo wa shukrani kwa sauti ya juu, na chapati kwenye kitambaa.

Walikuwa wamefika ubeti wa pili sista wa wodi alipotokea. Aliitwa Anyango, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Nyinyi, mnashangilia nini?"

"Tunamshukuru Mungu, dada," Kweyu akajibu. "Damu yake haigandi."

"Haigandi maana yake anavuja ndani kwa ndani kama paa la kaunsili!"

Wote wakanitazama mimi, kana kwamba paa ni mimi niliyejenga. Ubeti wa tatu haukuimbwa.

Ondiek akaja, akaeleza polepole, na safari hii alikaa mpaka akamaliza. Ndani ya damu kuna chembe ndogo na nyuzi, kazi yake ni kuziba kila mahali panapopasuka. Ugonjwa huu unazimaliza. Amewaangalia wagonjwa wa wodi yote. Wale ambao damu yao inaganda upesi wanaamka na kudai ugali. Wale ambao inachelewa, ugonjwa umewashika vibaya. Na wale ambao haigandi kabisa, hao ndio anaogopa.

Nabiswa alikuwa amemkazia macho. "Hizo nyuzi, daktari. Ni zile zinazojizungusha kwenye kijiti?"

"Kijiti gani?"

Akamweleza. Daktari akafikiri kidogo. "Ndizo, Mama. Hizo ndizo tunazitafuta."

"Basi nendeni Kaloleni," Nabiswa akasema. "Ziko kwenye tumbo la paka."

Hakuna aliyecheka ila yeye, na kicheko kikamtoa damu puani.

Daktari akasema kitu kimoja kinaweza kusaidia. Atiwe damu mbichi ya mtu mzima, iliyotolewa siku hiyo hiyo, maana ile bado ina vigandishi vyake. Akatutazama tulivyojaa, kwaya nzima. "Naona hapa mko wengi. Mtapimwa kwanza, kisha mtatoa."

"Tutapimwa nini?" Kweyu akauliza.

"Kila kitu. Na ukimwi pia."

Sijawahi kuona wodi ya serikali ikipata nafasi kwa haraka namna ile. Mmoja alikumbuka ameacha maharagwe jikoni. Mwingine alikuwa na mtoto shuleni, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Kweyu alisema hawezi kutoa damu kwa sababu amefunga kwa maombi, na aliyasema hayo akiwa na chapati mkononi. Mulongo, ambaye ukoo wao wote uko hivyo, akasema ndiyo maana anaogopa, asije akampa dada yake damu nyingine isiyoganda.

Nikavua koti. Sista Anyango akanishika bega. "Mzee, hii yako tukuachie, unaihitaji." Binti yetu Millicent alikuwa na mimba, naye wakamkataa. Nikaenda Burma, nikawaambia wanaume wanaoangusha fahali kwa mikono kwamba inatakiwa sindano moja. Wakakumbuka wote kwamba soko halina biashara, lakini hawawezi kuacha meza. Gachanja akafunga ini kwenye gazeti.

"Mpelekee ale, litaongeza damu."

"Hawezi kumeza, Gachanja. Wanataka mkono wako."

"Mkono wangu kwa nini? Mwulize Magan. Si mbuzi ni wake?"

Mbuzi walikuwa wale wale. Magan aliwauza wakiwa wazima, Gachanja akawauza wakiwa wamening'inia. Ni mbuzi yupi aliyemtia mke wangu ugonjwa, au kama ni wa mtu mwingine kabisa, hakuna aliyejua mpaka leo. Ini nililiacha hapo mezani. Lilikuwa limeanza kunuka.

Kwa Magan sikwenda. Nilidhani nitamwaibisha, yeye na dini yake. Alikuja mwenyewe. Nilimkuta amesimama kwenye mlango wa wodi, kofia yake nyeupe kichwani, amegeuza uso ukutani ili asivione vile vichupa.

"Mama Mutura, nimekuja."

Nabiswa akafungua jicho moja. "Umeleta mbuzi?"

"Nimeleta mkono."

"Wewe Magan? Si damu ni haramu?"

"Kuila ni haramu. Wewe utatiwa, hutakula."

"Nikitamani je?"

"Wallahi huyu mama," Magan akamwambia daktari, "mfunge mdomo kwanza ndipo unifunge mkono."

Akapimwa, ikakubali. Alipolala pale kitandani wanamtoa damu, Nabiswa akamwita kutoka upande wa pili. "Miaka yote unanipa damu ukitazama kando. Na leo?"

"Leo ni yangu," Magan akasema. "Naitazama."

Na kweli aliitazama mpaka mfuko ukajaa. Kisha akazirai, mwanaume mrefu vile, na Nabiswa akacheka mpaka Sista Anyango akatishia kumhamishia wodi ya wanaume.

Asubuhi iliyofuata tulikusanyika mapema. Vichupa vilikuwa dirishani. Ondiek akarudi, akachukua cha kwanza, cha pili, akaacha cha Nabiswa mwisho. Akakiinamisha. Damu ikasogea kidogo, ikatetemeka kama uji uliopoa, ikakaa.

Akakileta mpaka kitandani. "Mama, tazama. Imeganda. Si sana, lakini imeganda."

Nabiswa alitazama ile damu iliyoganda. Katika maisha yake yote hakuwahi kuitazama bila kutukana. "Haya," akasema. "Leo nimekubali." Kisha akanigeukia kuniambia nisithubutu kumwazima Gachanja kijiti chake.

Nikaenda Burma na habari, kwa miguu, karibu nikikimbia. Gachanja alikuwa kwenye meza.

"Imeganda," nikamwambia.

Akavua kofia. "Pole sana, mzee wangu. Pole."

Nikamwambia aivae tena. Nilimweleza yote, chembe, nyuzi, vichupa, na kwamba daktari anataka damu nyingine kama ile, leo, kabla ya ile ya Magan kumwishia mwilini. Akasikiliza vizuri sana. Akasema ataongea na vijana. Mulongo akasema atakuja Jumamosi. Kweyu akasema wameandaa mkesha. Magan akarudi wodini kujitolea tena, Ondiek akamkatalia, akamwambia hata mbuzi hachinjwi mara mbili.

Asubuhi ya pili kichupa kilichelewa kuganda. Daktari alikiinamisha, akakirudisha, akaenda kuzunguka wodi mara nyingine, akarudi, akakiinamisha tena. Mikono ya Nabiswa ilikuwa imejaa mabaka meusi pale sindano zilipopita. Macho yalikuwa ya manjano. Nikamfuata Ondiek ukumbini, nikamwuliza, wakija watu wengine kutoa, atapona?

"Mzee, sitakudanganya," akasema. "Ini limeharibika, na ini ndilo linalotengeneza hivyo vigandishi. Pengine hata damu ya Burma nzima isingetosha."

Pengine. Hatutajua, maana Burma nzima haikuja.

Walikuja mazishini. Hapo hakupungua hata mmoja. Mulongo alilia mpaka wakamshika, na Gachanja alichanga mbuzi mzima, ambaye alichinjwa, na damu yake ikaachwa ardhini ikaganda, kwa sababu mtu wa kuikoroga alikuwa ndani ya sanduku. Magan alisimama nyuma, karibu na ua. Kweyu akafungua karatasi yake, akasoma mama mpole.

Lakini nilitaka kueleza asubuhi ya mwisho, si mazishi.

Nilifika mapema na chai kwenye chupa, nimeipika mwenyewe. Mama wa kitanda kile kile alikuwa ameshaondolewa, kwa hiyo Nabiswa alikuwa na kitanda kizima, na alikuwa mdogo juu yake. Nikamlowesha midomo kwa kijiko. Akakunja uso.

"Mtaro," akasema.

"Kunywa."

Akanywa kijiko cha pili. Ondiek akaja dirishani. Akavichukua vichupa kimoja kimoja kama kawaida, na alipofika kwenye chetu akakiinamisha haraka, akakisimamisha tena, akajifanya anasoma plasta. Nabiswa alikuwa amemwona. Mtu aliyeishi kwa kutazama karai hadanganyiki kwa kichupa.

"Kijana, kilete hapa."

"Mama, pumzika."

"Ni yangu au ni yako?"

Daktari akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akamwekea mkononi, na mimi nikaushika ule mkono kwa chini, kwa sababu haukuwa na nguvu. Akakiinamisha polepole upande mmoja, kama alivyokuwa akiinamisha karai mlangoni petu kila asubuhi kuona kama damu inafaa. Ikateleza yote mpaka mwisho wa kioo. Akakiinamisha upande wa pili. Ikarudi yote, nyekundu, nyororo, haina hata uzi. Akakiinua kwenye mwanga. Alikitazama kwa jicho lile la sokoni, ambalo lilikuwa halijamdanganya hata siku moja. Ondiek aligeukia dirishani.

Mke wangu akanirudishia kichupa, akasema: "Damu nzuri hivi, na hakuna wa kuipika."